Albamu ya Arusi na Maneno Yaliyoachwa Nje

Nyimbo za arusi za pwani ya Afrika Mashariki zimekusanywa mara nyingi. Edward Steere alichapa nyimbo za gungu katika Swahili Tales mwaka 1870. Mwaka 1903 Carl Velten akatoa Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, na humo mambo ya posa, mahari, nikaha na fungate yameelezwa kwa urefu. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa vyuo vikuu wamefika Mombasa na Lamu na vinasa sauti vyao. Upande wa pili wako wanaochunguza picha, na miongoni mwao Heike Behrend amezama sana katika mambo ya pwani ya Kenya. Kitabu chake Contesting Visibility kilitoka mwaka 2013. Wa kwanza walichukua maneno wakaacha sura. Wa pili walichukua sura, na maneno ya nyimbo hayakuwa shughuli yao kubwa. Baina ya makundi hayo mawili kimebaki kitu ambacho uhakiki wa fasihi umekipa nafasi ndogo mno, nacho ni kitabu ambacho jamaa wenyewe hukitunga juu ya arusi yao.

Neno "hukitunga" limetumiwa kwa makusudi. Mtu anayekaa na rundo la picha, kadi za mwaliko, risiti ya mshonaji na kikuba kilichokauka, akaamua kipi kitangulie, kipi kifuate na kipi kirudishwe sandukuni, anafanya kazi ya mtunzi. Anachagua, anapanga, anaficha. Ana hadhira yake akilini, nayo ni mahususi kuliko hadhira ya mwandishi wa riwaya: anawajua wasomaji wake kwa majina, na anajua nani kati yao atanuna asipojiona katika kurasa tano za mwanzo. Kazi ya namna hii haiwezi kufukuzwa katika uwanja wa uhakiki kwa sababu tu imeshikizwa kwa gundi.

Yafaa vitu viwili vitenganishwe. Albamu, kwa maana ya kawaida, ni kitabu cha kuhifadhi picha tupu. Kitabu cha kubandika hupokea kila kitu: picha, karatasi, utepe, kipande cha kitambaa, ua, mwandiko wa mkono. Aina hii ya pili ilistawi sana Marekani na Ulaya katika karne ya 19, na Mark Twain, mwandishi wa riwaya, alipata hataza mwaka 1873 kwa kitabu chake chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi. Ellen Gruber Garvey, katika Writing with Scissors (2012), ameonyesha kwamba Wamarekani weusi walitumia vitabu hivyo kuandika historia ambayo magazeti ya wenzao weupe hayakutaka kuiandika. Walikata vipande vya magazeti yale yale na kuvipanga upya hadi vikasema mambo mengine. Pwani ya Kenya ilipata albamu kabla ya kupata kitabu cha kubandika, kwa sababu ilianza na studio. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambayo maarusi wengi walipita mbele ya kamera yake katikati ya karne ya 20. Na Lamu, tangu miaka ya 1960, ilikuwa na Bakor Studio ya Omar Said Bakor, fundi aliyesifika kwa picha za kuunganisha vipande vilivyokatwa. Kwa hiyo mkasi na gundi si wageni Lamu. Ugeni uliopo ni wa kalamu: hakuna aliyewazoesha watu kuandika chini ya picha.

Albamu ya arusi ya kawaida, iliyotengenezwa Mombasa baina ya miaka ya 1970 na 1990, ina mpango ambao msomaji mzoefu huutambua upesi. Jalada lina maneno ya Kiingereza yaliyochapwa kwa rangi ya dhahabu kiwandani, na huenda hayo ndiyo maneno pekee katika kitabu kizima. Kadi ya mwaliko hufuata. Kisha ni nikaha msikitini, wanaume watupu, kanzu na makoti, bwana arusi ameinamisha uso, mkono wake umo katika mkono wa walii. Baadaye huja ukumbi wa wanawake au ua wa nyumba, biarusi yuko juu ya kiti kilichopambwa, hina imekwisha kukolea, na jamaa hupanda mmoja mmoja kupiga picha naye. Wazee kwanza, kisha shangazi na mama wadogo, kisha mashoga. Mwisho kuna picha chache za vyakula na za watoto waliolala juu ya mikeka. Pierre Bourdieu, katika utafiti aliouhariri mwaka 1965 kuhusu upigaji picha Ufaransa, alieleza kwamba picha ya arusi haipigwi ili kuonyesha arusi ilivyokuwa bali kuthibitisha kwamba ukoo ulikusanyika ukiwa mmoja. Maelezo hayo yanaifaa albamu ya Mombasa karibu bila kurekebishwa. Mpangilio wake ni wa nasaba. Ni orodha ya waliohudhuria, na kwa anayejua kuisoma, ni orodha ya wasiohudhuria vile vile.

Kama nasaba, albamu imefaulu. Kama maelezo ya arusi, imeshindwa, na sababu ya kushindwa kwake ndiyo inayowahusu watu wa lugha. Arusi ya pwani, hasa upande wake wa wanawake, ni shughuli ya maneno. Vugo ni maneno: pembe za nyati hupigwa kwa vijiti, na juu ya mlio huo upande wa biarusi na upande wa bwana arusi hurushiana mafumbo, sifa na masimango ya kuchekesha. Taarabu ni maneno. Leso ni nguo yenye maneno. Hata mali inayotolewa ina msamiati wake: kilemba, mkaja, ubeleko, kipa mkono, kila jina linasema nani anapewa na kwa kazi gani, na Mtoro bin Mwinyi Bakari aliona hivyo aliposhughulika na majina hayo kwa uangalifu kama alivyoshughulika na viwango vyake. Chukua maneno hayo uyaondoe, kinachobaki ni watu waliovaa vizuri.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote ni picha ya kutunza. Haikosekani katika albamu yoyote ya arusi iliyokuwa na taarabu. Mwanamke amesimama mbele ya mwimbaji, mkono umenyooshwa, noti iko baina ya vidole; nyuma yake wenzake wawili watatu wamejipanga, nao wana noti. Mtazamaji asiyejua huona ukarimu. Anayejua huona jambo jingine, ila halioni lote. Mtu hainuki kutunza wakati wowote apendao. Huinuka pale ubeti fulani unapofika, kwa kuwa ubeti huo umemsemea lililomo moyoni: umempongeza binti yake, au umemchoma jirani aliyeketi safu ya pili, au umemjibu mke mwenziwe aliyeinuka dakika chache kabla. Noti ni alama ya kunukuu. Kwa kuinuka kwake yule mwanamke ameyafanya maneno ya mwimbaji kuwa maneno yake, mbele ya ukumbi mzima, na wala hakufungua kinywa. Hiki ni kitendo cha kifasihi kilichokamilika: kuna matini, kuna msomaji, kuna tafsiri, kuna hadhira inayoipokea tafsiri hiyo kwa vigelegele au kwa kimya.

Picha imehifadhi mkono na noti. Ubeti haupo. Anayefungua albamu baada ya miaka thelathini hawezi kujua kama yule mama alikuwa akibariki au akigombana. Jambo hili lina uzito wa pekee likikumbukwa kwamba nyimbo zenyewe si za kubahatisha. Baadhi ya maneno aliyoyaimba Juma Bhalo yalitungwa na Ahmad Nassir, yule yule wa Malenga wa Mvita (1971) ambaye tungo zake hufundishwa darasani. Zuhura Swaleh aliziimbia arusi za wanawake wa Mombasa kwa miaka mingi, akiuingiza mdundo wa chakacha katika taarabu. Mwanafunzi hupewa shairi aandike insha juu ya dhamira na fani yake. Wakati huo huo ushahidi wa namna shairi la aina hiyo lilivyopokewa na wanawake waliolisikia, ubeti kwa ubeti, uko katika kabati la nyanya yake ukiwa bubu. Ingetosha mstari mmoja chini ya picha: jina la wimbo, na ubeti ulikuwa upi.

Kanda za kaseti zilifanya kazi hiyo kwa kiasi fulani. Kanda nyingi za taarabu zilizouzwa madukani Mombasa zilirekodiwa arusini, si katika studio, na ndani yake husikika vigelegele, viti vikiburutwa na majina yakitajwa. Kwa hoja inayojadiliwa hapa kaseti ni albamu bora kuliko albamu. Lakini kaseti ilikwenda dukani na albamu ikaenda kabatini, na ni nadra mtu kuziweka pamoja.

Leso nayo ina tatizo lake. Wanawake wa upande mmoja huvaa sare, na jina la leso huchaguliwa kwa mashauri marefu kuliko rangi yake. Ila jina huandikwa karibu na ukingo wa chini, na nguo ikivaliwa ukingo huo hujikunja. Pichani huonekana silabi mbili, pengine tatu, na mkunjo. Picha ya wanawake ishirini waliovaa methali moja inaweza isionyeshe methali hiyo hata mara moja. Kinyume chake kiko kisutu, leso ya biarusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambacho kwa desturi hakina maandishi yoyote. Yaani katika mkutano wa wanawake wanaosema kwa nguo, nguo ya biarusi imenyamaza. Hiyo ni tofauti yenye maana kubwa, na albamu haiwezi kuidhihirisha kwa sababu imezinyamazisha nguo zote sawasawa. Mtengenezaji wa kitabu cha kubandika wa Marekani angelitatua jambo hili kwa kukata kipande cha kitambaa chenye maandishi na kukibandika. Huko ni kutojua thamani ya doti ya leso. Hapana mama wa Mombasa atakayetia mkasi katika jina. Kulinakili kwa kalamu kunatosha, na hakuna gharama.

Kadi ya mwaliko ndiyo hati pekee yenye maneno ambayo albamu nyingi huihifadhi, na kwa sababu hiyo inastahili kusomwa kwa makini kuliko inavyosomwa. Nani anaalika: baba, ami, au mama? Lugha ni ipi, na kama ni mbili, ipi iko juu? Ziko kadi ambazo biarusi hatajwi kwa jina bali kwa ubinti wake, hali bwana arusi ametajwa kwa majina matatu. Ziko nyingine ambazo mwaliko wa wanawake ni kadi mbali, yenye saa na mahali tofauti. Mchunguzi wa rejista angepata humo, kwa kulinganisha kadi za miaka hamsini za mji mmoja, jinsi Kiswahili cha adabu kilivyobadilika na jinsi Kiingereza kilivyopanda ngazi. Kazi hiyo si ngumu. Inahitaji kadi tu.

Roland Barthes aliandika mwaka 1964 kwamba maneno yanayoambatana na picha hufanya kazi ya nanga: picha ina maana nyingi zinazoelea, na maneno huitia moja kati ya hizo mahali pamoja. Huenda mtu akasema kwamba ndiyo sababu jamaa hawaandiki, kwamba wanapenda maana ziendelee kuelea, na kwamba maelezo halisi hutolewa kwa mdomo pale albamu inapofunguliwa. Hoja hii ina ukweli. Albamu ya pwani haisomwi peke yake, husomewa mgeni. Mwenye nyumba hukaa ubavuni, hufungua ukurasa, husema huyu ni nani na kwa nini amekasirika. Kwa mantiki hiyo albamu ni msaada wa kumbukumbu, na matini yenyewe ni masimulizi. Ni fasihi simulizi yenye picha. Lakini fasihi simulizi huishi kwa kurithishwa, na masimulizi ya albamu hayana mrithi aliyeandaliwa. Utendi una vina na mizani za kuushikilia kichwani; masimulizi ya albamu hayana mizani, yana mtu mmoja tu aliyekuwapo. Akifa, kurasa zinabaki na nyuso zisizo majina.

Katika kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel, ambacho toleo lake la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, lilichapishwa mwaka 1991, wanawake watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao, na ndoa zimo. Msomaji hahitaji picha ili aone. Kinachoshangaza ni kwamba usimulizi wa aina hiyo hutolewa kila wiki katika mamia ya sebule, juu ya albamu, na hakuna anayeuandika.

Hapa ndipo lilipo pingamizi kubwa, nalo haliwezi kupuuzwa na idara yoyote ya lugha itakayotaka kuzikusanya albamu. Upande wa wanawake wa arusi ni wa sitara. Biarusi amepambwa kwa ajili ya macho ya wanawake na ya mumewe. Wageni wamevua buibui kwa kuwa ukumbi hauna wanaume. Picha zilizopigwa humo zimebeba masharti ya ukumbi huo. Behrend ameeleza kwa urefu jinsi picha, na baadaye video, zilivyozua mabishano ya kidini na ya kijamaa pwani, na jinsi wanawake walivyojiwekea njia zao za kuamua nani aone nini. Katika arusi nyingi siku hizi simu hukatazwa mlangoni. Tena, tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, Kenya ina msingi wa kisheria wa kulinda taarifa za mtu binafsi, sura yake ikiwamo. Mtafiti anayeingia nyumbani, akapiga nakala za kurasa na kuzipeleka katika maktaba ya chuo, ameivunja sitara hata kama amepewa chai na ruhusa ya mdomo na kijana wa nyumba.

Wako wataalamu wanaodhani kwamba pingamizi hili linaumaliza mjadala: kama matini haiwezi kusomwa na wote, haiwezi kuhakikiwa. Rai hiyo haikubaliki, na historia ya fasihi ya Kiswahili inaikanusha. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni usia wa mama kwa binti yake mmoja, juu ya mambo ya ndani ya ndoa. Ulianza nyumbani, na ukafika katika mikono ya Alice Werner na William Hichens waliouchapisha mwaka 1934. Leo husomwa na wanaume kwa wanawake, na hakuna anayeona aibu. Lakini tofauti moja haina budi kuzingatiwa. Mwana Kupona mwenyewe, karibu na mwisho wa utendi, anawaita wanawake kwa jumla wausome. Idhini imo ndani ya matini. Mtunzi aliipanua hadhira yake kwa kauli yake. Albamu nayo ina idhini yake ndani, ila imeandikwa kwa mpangilio badala ya maneno. Kurasa za nikaha huwa mbele, na mara nyingi ziko katika kitabu chake peke yake, ambacho huletwa sebuleni wanaume wakiwapo. Kitabu cha pili kiko chumbani. Mhakiki anayejua kazi yake ataisoma hiyo mipaka kama sehemu ya fani, kama vile anavyosoma mipaka ya beti.

Hata Ulaya, ambako hudhaniwa kwamba kila kitu huchapishwa, mfano upo. Barthes huyo huyo, katika La chambre claire (1980), aliizungushia nusu ya kitabu chake picha moja ya mamake akiwa mtoto, akaieleza kwa maneno hadi msomaji akadhani ameiona, na picha yenyewe hakuichapisha, ingawa nyingine nyingi zimo. Alitoa maneno akaweka sura. Idara za lugha za Kenya zinaweza kufanya vivyo hivyo bila kuona kwamba zimepungukiwa. Zinachohitaji ni maneno yaliyoizunguka picha: jina la wimbo, ubeti, jina la leso, lugha ya kadi, masimulizi ya mwenye kitabu alipokifungua mbele ya shoga yake. Sura ya mtu inaweza kubaki chumbani. Na kazi hiyo ifanywe na wanafunzi wa kike wenye idhini ya kuketi pale, kwa ridhaa iliyoandikwa, na nakala ya kwanza ya maandishi ibaki kwa mwenye nyumba.

Haraka ipo, na sababu yake ni kemia. Picha nyeusi na nyeupe za miaka ya 1950, zikioshwa vizuri, hudumu. Picha za rangi za miaka ya 1970 zinapoteza rangi hata zikiwa gizani, na nyingi zimegeuka wekundu au umanjano. Kwa hiyo yako makabati ambamo nyanya anaonekana vizuri kuliko binti yake. Joto na unyevu wa pwani huongeza kuvu. Kibaya zaidi ni zile albamu zilizopendwa miaka hiyo, zenye kurasa za kunata na karatasi ya plastiki juu. Gundi yake hugeuka manjano na kuishika picha kwa mgongo, isiweze kutolewa bila kuraruka. Huko mgongoni ndiko wazee walikoandika. Picha kongwe huwa na mistari miwili mitatu nyuma, nyingine kwa hati ya Kiarabu: jina, mahali, mwaka wa hijria, pengine dua. Albamu ya kunata imeyafunika maneno hayo kwa gundi, na ilipouzwa ilisifiwa kuwa ndiyo ya kisasa.

Liko suala la kuhaririwa, ambalo wenye albamu hulijua kuliko wahakiki. Arusi nyingi huishia katika ndoa njema; nyingine huishia kwa talaka, na talaka hufika katika albamu. Picha hutolewa, au mkasi hupita katikati yake, ukamwacha biarusi na bega la mtu. Pengine si mume anayekatwa. Ni wifi, au shoga aliyegeuka. Kitabu kilichopitiwa na mkasi kimetungwa mara mbili, na utungo wa pili una ukali ambao wa kwanza haukuwa nao. Anayetaka kuusoma ana kazi ya mhariri wa miswada kongwe, aliyezoea kurasa zilizoliwa na mchwa: huhesabu mapengo, hutazama pembe nne za karatasi zilizobaki pale picha ilipokuwa imeshikizwa, hulinganisha na albamu ya dada mtu ambayo haikukatwa. Katika simu mapengo hayo hayapo. Picha za arusi za siku hizi ni mamia, nyingine maelfu, zimetawanyika katika simu za wageni na katika makundi ya ujumbe, hazina ukurasa wa kwanza wala wa mwisho; iliyofutwa haiachi alama, na inayofuata husogea mahali pake. Walioanza tena kuchapisha vitabu vya picha za arusi huletewa mpangilio uliokwisha kufanywa na mashine, kwa tarehe na saa, jambo ambalo nasaba haikubaliani nalo na ambalo bila shaka litaleta manung'uniko ya akina shangazi.

Kitabu cha kubandika, chenye gundi ya kawaida na mwandiko, kina sifa moja ambayo albamu na simu hazina. Mkasi hufuata ukingo wa picha. Maelezo yaliyoandikwa chini yake, kama yaliandikwa, mara nyingi husalimika, kwa kuwa aliyekuwa na hasira alishughulika na uso. Hubaki nafasi nyeupe ya mraba, na chini yake jina la wimbo, tarehe, na nani aliinuka.